Neno Lenye Nyota

Lewiston, Maine. Januari imeufunga mto Androscoggin
kwa kufuli la barafu, na viwanda vya pamba vya zamani
vimesimama ukingoni, madirisha yamezibwa kwa mbao.
Dokta Odile Thibodeau anaegesha gari, anapuliza vidole,
ananikabidhi kinasa sauti kama mtu anayekabidhi kichanga.

Nimeajiriwa kwa saa. Kazi yangu ni Kiswahili,
na Kizigua kidogo nilichodai ninacho
siku ya usaili. Nilikuwa na kodi ya kulipa.

Njiani alinichorea mti juu ya mfuko wa mkate:
shina moja, matawi mamia, kila tawi lugha.
"Hapa Kiswahili. Hapa, jirani kabisa, Kizigua.
Na huku chini," kalamu ikashuka hadi kwenye doa la siagi,
"njada. Njaa ya kwanza." Akalitia nyota mbele.
Nikadhani nyota ni sifa, kama ya hoteli au ya jenerali.
"La," akasema, "ni kukiri. Hakuna aliyehai aliyelisikia.
Tumelikisia kwa kuwasikiliza wajukuu."

Kisha akanionyesha Kiswahili kilivyoangusha L:
njala ikawa njaa, kulu ikawa kuu,
sauti ikadondoka katikati ya neno
kama kifungo cha shati,
na hakuna aliyeinama kuiokota.

Kule Handeni bibi yangu alikuwa bado ameivaa.
"Nzala," alisema, mkono tumboni,
nasi wajukuu wa shule, wenye vyeti vya insha,
tukamcheka: Bibi, sema njaa. Sema vizuri.
Akajifunza kusema vizuri.
Akafa akisema vizuri.

Ghorofa ya tatu. Uvumba, na soksi zinazokauka
juu ya bomba la joto. Mama Mberwa
amezaliwa bonde la Juba, kazeekea kambini,
Handeni hajaiona hata kwa picha.
Waliowazaa waliomzaa babu yake
waliondoka kwetu kwa bei, karne mbili sasa.

Odile anafungua orodha.
Maji? "Mazi."
Anatikisa kichwa, anaandika.
Njaa?
Mama Mberwa haiangalii mashine. Ananiangalia mimi.
"Nzala."

L ileile.
Imepita pwani ya kigeni, mashamba ya mabwana,
vita, foleni ya mahindi, ndege ya usiku,
ngazi tatu zenye barafu,
na haina hata mkwaruzo.

Mwacha asili ni mtumwa, tulifundishwa,
tukaiandika methali hiyo kwa mwandiko wa mshazari.
Haya, mwalimu, nisahihishie:
huyu ni kitukuu cha waliouzwa, na hakuacha kitu.
Mimi nilikuja kwa tiketi yangu,
kiti cha dirishani.

Odile ameweka kalamu chini.
Bibi yake, anasema, alisokota pamba kiwanda kile pale,
na mama yake, darasani, alipigwa rula kwa neno la Kifaransa.
"Mimi nimebakiwa na matusi," anasema,
"na majina ya vitobosha."
Anaweza kusoma lugha kumi na moja.
Anahesabu kwa vidole, kana kwamba zimepotea mbili.

"Njaa, njaa," Mama Mberwa anachoka nasi,
"tangu asubuhi mnaniuliza njaa. Mmekula?"
Anainuka kwa magoti yanayolia.
Mfuniko unagonga sufuria, mvuke unapanda
hadi kwenye kioo, unafuta mto, viwanda, theluji.
Tunakula. Hakuna anayeuliza ugali ni wa tawi gani.

Usiku nanukuu rekodi, neno kwa neno.
Dakika ya kumi na tisa: swali. Kimya. Nzala.
Halafu pumzi ya mtu, nzito, yenye kukatika,
karibu mno na kinasa sauti.
Pembeni Odile ameandika kwa penseli:
kelele, chanzo hakijulikani.

Sijamwambia.